Gari Linapoanza Kula Mafuta

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mara nyingi twaitumia methali hiyo tunapozungumza juu ya maduka na vyama vya ushirika. Katika makala haya tutaonyesha kwamba yafaa pia katika sayansi, kwa kuchunguza jambo ambalo wengi wetu tumelisikia likilalamikiwa mashuleni, katika zahanati na katika ofisi nyingi: gari lililokuwa likitumia mafuta kwa kiasi kinachojulikana laanza ghafla kuyabugia, wala hakuna ajuaye sababu.

Tuchukue mfano. Katika shule moja ya bweni ya nyanda za juu kuna pikapu inayotumia petroli. Kila juma pikapu hiyo huenda mjini, umbali wa kilomita 120, kuleta maharage, chumvi na sabuni. Na usiku wa dharura ndiyo humpeleka mwanafunzi mgonjwa hospitalini. Kwa muda mrefu safari ya kwenda na kurudi ilitumia lita 24, yaani lita moja kwa kila kilomita 10. Mara baada ya masika mambo yakabadilika. Mhasibu wa shule alipopiga hesabu aliona kwamba gari sasa lakwenda kilomita 7.3 tu kwa lita, na kila safari yahitaji lita 30. Lita 6 za ziada kwa juma ni lita 240 katika majuma 40 ya masomo. Hayo ni mafuta ya kutosha safari kumi za zamani.

Kama ilivyo desturi, minong'ono ilianza, na vidole vyote vikaelekezwa kwa dereva. Ilisemwa kwamba anauza mafuta njiani. Barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa imekwisha kuandikwa, ikingoja sahihi. Dereva alipoitwa alisema maneno machache tu: "Mwalimu Mkuu, gari ni lile na mimi ni huyu. Naomba tupimwe sote wawili." Mwalimu Mkuu akaiweka barua kando, akampa mwalimu wa fizikia daftari la safari, na kumtaka yeye na wanafunzi wake walete jibu lenye ushahidi.

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, na hesabu zake tumezipanga ili ziwe rahisi kukokotoa. Lakini kanuni zitakazotumika ni za kweli, na hatua zake zaweza kufuatwa katika gereji au shule yoyote.

Mafuta huenda wapi?

Kabla ya kuuliza kwa nini mafuta yanazidi, yafaa tujue yanatumikaje gari likiwa zima. Lita moja ya petroli ina nishati ipatayo megajuli 32. Sehemu kubwa ya nishati hiyo haiyafikii magurudumu kamwe: nyingine hutoka kama joto katika bomba la moshi, nyingine huchukuliwa na maji ya rejeta, na nyingine hupotea katika msuguano wa injini na gia. Katika makadirio yetu tutachukulia kwamba sehemu moja tu kati ya tano, yaani asilimia 20, huyafikia magurudumu.

Magurudumu nayo yana kazi mbili kubwa katika njia tambarare. Ya kwanza ni kushinda ukinzani wa kubingirika, kwa kuwa tairi hubonyea na kurudi kila linapozunguka. Kwa pikapu yenye kilogramu 1,800 pamoja na mzigo wake, kani hiyo ni kama nyutoni 230 katika njia ya lami. Ya pili ni kusukuma hewa. Katika mwendokasi wa kilomita 80 kwa saa, ukinzani wa hewa kwa pikapu ya kawaida ni kama nyutoni 346. Ukinzani huo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendokasi. Katika kilomita 100 kwa saa hufika nyutoni 540 na zaidi. Ndiyo maana dereva mwenye haraka hulipia haraka yake katika kituo cha mafuta.

Jumla ya kani mbili hizo katika kilomita 80 kwa saa ni nyutoni 576. Kwa kilomita 100, kazi inayofanyika ni nyutoni 576 mara meta 100,000, yaani megajuli 57.6. Tukigawa kwa 0.2 twapata megajuli 288, na tukigawa tena kwa 32 twapata lita 9. Kwa hiyo safari ya kilomita 240 ingehitaji lita 21.6. Ukiongeza vilima, kusimama na kuondoka, lita 24 za zamani zaeleweka vizuri.

Kutokana na hesabu hiyo, mwalimu aliwaonyesha wanafunzi kwamba sababu zote zinazowezekana zaingia katika mafungu manne. Huenda kipimo chenyewe kinasema uongo. Huenda mafuta yanapotea kabla ya kuifikia injini, kwa kuvuja au kuibwa. Huenda kuna kitu kinalizuia gari lisiende kwa wepesi. Au huenda injini yenyewe haiyatumii mafuta ipasavyo. Wizi, basi, ulikuwa nusu tu ya fungu moja kati ya manne.

Kwanza, kipimwe kipimo

Wanafunzi walipolisoma daftari waliona jambo ambalo wakubwa hawakuliona. Kabla ya masika, odomita, yaani ile mita inayohesabu kilomita, ilionyesha kilomita 240 kwa safari ya mjini. Baada ya masika ilionyesha 220, ilhali njia ni ile ile. Barabara haiwezi kupungua kilomita 20 kwa sababu ya mvua.

Jibu lilipatikana chini ya gari. Mwishoni mwa masika shule ilinunua matairi mapya, na kwa kuwa ya ukubwa ule ule hayakupatikana, yalinunuliwa makubwa zaidi. Ya zamani yalikuwa na kipenyo cha sentimeta 66. Mapya yana sentimeta 72. Odomita haipimi ardhi. Huhesabu mizunguko, kisha huzidisha kwa mzingo wa tairi ambalo gari lilitengenezewa. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, lakini odomita haina habari. Ukigawa 72 kwa 66 wapata 1.09, na 220 mara 1.09 ni 240 kamili, ukiondoa desimali ndogo.

Basi gari halikuwa likienda kilomita 7.3 kwa lita bali kilomita 8. Sehemu ya hasara ilikuwa ya kalamu tu. Hata hivyo sehemu kubwa ilibaki kuwa ya kweli, kwa kuwa lita 30 zilinunuliwa na kulipiwa.

Hapo mwalimu aliweka utaratibu wa upimaji. Tanki lijazwe hadi shingoni, katika kituo kile kile, mahali pasipoinama. Gari liende safari yake. Kisha lijazwe tena hadi alama ile ile. Lita zilizojazwa mara ya pili ndizo zilizotumika. Kujaza kufanyike asubuhi kungali baridi, kwa maana petroli hutanuka kwa karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tofauti ya nyuzi 10 yaweza kuleta kosa la asilimia moja. Geji ya dashibodi isitumike katika hesabu, kwani kazi yake ni kuonya tu.

Je, yanaibwa au yanavuja?

Tuhuma ya wizi haikupuuzwa, kwa kuwa sayansi haimpendelei mtu. Wanafunzi walichora grafu: kilomita za kweli katika mhimili wa ulalo, lita katika mhimili wa wima. Waliweka safari za kilomita 60, 120 na 240. Zamani zilitumia lita 6, 12 na 24. Sasa zilitumia lita 7.5, 15 na 30. Nukta zote za sasa zilikaa katika mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri, ila mteremko wake ulikuwa mkali kuliko wa zamani.

Grafu hiyo ina maana kubwa. Tanki linalovuja hupoteza mafuta kwa kadiri ya muda, hata gari likiwa limesimama. Mstari wake usingepita kwenye sifuri. Mwizi anayechota lita mbili leo na tano kesho angezitawanya nukta huku na huko. Hapa hasara ilikuwa ikifuata kilomita kwa uaminifu.

Lakini mwanafunzi mmoja aliuliza swali la haki: je, mwizi mwenye hesabu hawezi kuiba kwa uwiano wa safari? Anaweza. Kwa hiyo mwalimu alisafiri na gari mara mbili, kifuniko cha tanki kikiwa kimetiwa kufuli na ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Tanki lilikaguliwa pia baada ya gari kulala kwa siku mbili. Hapakuwa na harufu wala unyevu chini ya mipira, na kiwango hakikushuka. Safari ya tatu yenye kufuli ilitumia lita 30, kama zile zisizokuwa na kufuli. Dereva alikuwa amepimwa, na hakuonekana na hatia. Ilibaki zamu ya gari.

Gari linalozuiwa

Upepo wa matairi ulipimwa asubuhi, matairi yangali baridi. Badala ya pauni 35 kwa inchi ya mraba, yote yalikuwa na 20. Ilikumbukwa ndipo kwamba wakati wa mvua upepo ulipunguzwa kwa makusudi ili gari lisikwame katika tope, na hakuna aliyeurudisha. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea zaidi, na kila kubonyea hula nishati. Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba kila pauni moja inayopungua katika matairi yote huongeza matumizi kwa asilimia 0.2. Pauni 15 ni asilimia 3, yaani karibu lita moja katika 30. Matairi yalijazwa, safari ikarudiwa bila kubadilisha kitu kingine chochote, na lita zikawa 29.

Kanuni hii ya kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja ndiyo roho ya majaribio yote. Fundi anayebadilisha plagi, chujio, petroli na breki kwa siku moja aweza kuliponya gari, lakini hatajua ni dawa ipi iliyoliponya, na mwenye gari atazilipia zote.

Jaribio lililofuata lilikuwa la kuligawa tatizo katika sehemu mbili: je, kosa liko katika injini, au katika kila kitu kilicho baada ya injini? Katika njia tambarare isiyo na magari, dereva aliiweka gia huru, injini ikiwa inawaka, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe kutoka kilomita 40 hadi 20 kwa saa, baada ya kusahihisha kosa la spidomita. Mwalimu alipima muda kwa saa, kwenda na kurudi, ili upepo wa njiani usimdanganye.

Tukokotoe muda uliotazamiwa. Katika mwendokasi huo mdogo hewa huzuia kwa nyutoni kama 49 tu. Pamoja na 230 za kubingirika, jumla ni 279. Gari la kilogramu 1,800 litapungua mwendo kwa meta 0.155 kwa sekunde kwa kila sekunde. Kilomita 20 kwa saa ni meta 5.56 kwa sekunde. Kwa hiyo muda ni sekunde 36. Saa ya mwalimu ilionyesha sekunde 28. Kani inayotoa sekunde 28 ni kama nyutoni 359. Kulikuwa na nyutoni 80 zisizojulikana zilikotoka, na hazikutoka katika injini, kwani gia ilikuwa huru.

Nyutoni 80 ni sawa na uzito wa kitu cha kilogramu 8 hivi. Zaonekana kidogo, lakini katika kilomita 80 kwa saa hugeuka joto la karibu kilowati 1.8, karibu sawa na birika kubwa la umeme linalochemka mfululizo. Joto hilo lazima lionekane mahali fulani. Baada ya safari fupi ambayo dereva alijitahidi asikanyage breki, mwalimu alipitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Matatu yalikuwa na uvuguvugu. La nyuma kushoto lilikuwa linawaka.

Gari lilipopoa, magurudumu ya mbele yalizuiwa kwa mawe makubwa, breki ya mkono ikaachiliwa, na gurudumu lile likainuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya stendi. Halikuzunguka kwa wepesi. Kebo ya breki ya mkono ilikuwa imeshika kutu baada ya kuvuka madimbwi ya masika, nayo haikurudi yote ilipoachiliwa. Fundi aliibadilisha. Muda wa kupungua mwendo ukawa sekunde 36, na safari ya mjini ikatumia lita 26. Hesabu yaafiki: nyutoni 80 mara meta 240,000 ni megajuli 19.2, gawa kwa 0.2, kisha kwa 32, nawe wapata lita 3.

Mbali na mafuta, breki inayoburura huchakaa, na ikipata joto jingi huweza kushindwa kufanya kazi katika mteremko. Kama barua ya kumfukuza dereva ingetiwa sahihi, gari lingeendelea kubeba watoto wagonjwa usiku likiwa na hatari hiyo, mikononi mwa dereva mgeni.

Injini isiyopata joto

Zilibaki lita 2 za ziada. Sasa ndipo injini ilipochunguzwa. Plagi zilipofunguliwa zilikuwa na masizi meusi makavu, dalili ya mchanganyiko wenye petroli nyingi mno. Ili petroli iungue yote, kilogramu moja huhitaji kilogramu 14.7 za hewa. Hewa ikipungua au petroli ikizidi, sehemu yake hutoka bila kuungua vema, pamoja na gesi ya sumu ya kaboni monoksidi.

Wengi wangedhani kwamba kosa ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Kwa magari ya zamani yenye kabureta dhana hiyo ina ukweli. Lakini majaribio ya Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani, yaliyotolewa mwaka 2009, yalionyesha kwamba katika injini za petroli zenye mfumo wa kisasa wa kunyunyiza mafuta, chujio chafu hupunguza nguvu ya kuondoka lakini karibu haliongezi matumizi ya mafuta. Kompyuta ya injini hupima hewa inayoingia na kupunguza petroli kwa kadiri hiyo.

Dalili ya kweli ilikuwa kwenye dashibodi: mshale wa joto haukufika katikati hata baada ya kilomita 15. Kati ya injini na rejeta kuna kilango kidogo kiitwacho themostati. Injini ikiwa baridi hufungwa, ili maji yapate joto upesi. Joto lifikapo kati ya nyuzi 80 na 90 hufunguka. Ya pikapu hii ilikuwa imekwama wazi, na katika baridi ya nyanda za juu maji hayakupata moto ipasavyo. Kihisi cha joto kiliiarifu kompyuta, bila kusema uongo, kwamba injini ni baridi. Kompyuta nayo ikaongeza petroli, kama ilivyofundishwa kufanya kila asubuhi. Katika gari lenye kabureta, ugonjwa wa namna hiyo hutokea choki inapokwama. Themostati mpya iliwekwa, na safari ikatumia lita 24.5.

Kama hilo lisingefaa, uchunguzi ungeendelea hadi kihisi cha oksijeni katika bomba la moshi. Kifaa hicho, kilichoanza kutumiwa katika magari ya Volvo mwaka 1976, huiarifu kompyuta iwapo petroli imezidi au imepungua. Kikizeeka, kompyuta hukosa mwongozo. Taa ya injini ikiwaka, fundi mwenye chombo cha kusoma huweza kupata namba ya kosa. Lakini namba hiyo huonyesha mahali pa kuanzia kutafuta. Kubadilisha kifaa kwa sababu tu namba imekitaja ni sawa na kumhukumu mtu kwa kuwa jina lake limetajwa.

Nusu lita iliyobaki wanafunzi waliieleza kwa matairi mapya, ambayo ni mazito na yenye meno makubwa. Shule iliamua kuyatumia hadi yaishe, na mhasibu akaandika ndani ya jalada la daftari kwamba kilomita za odomita zizidishwe kwa 1.09. Mwalimu Mkuu alimwita dereva, akamwomba radhi mbele ya walimu, na akaichana barua.

Kwa walimu

Mwalimu aweza kuanza somo hili kwa daftari lenye safu tano tu: tarehe, odomita, lita zilizojazwa, mzigo, na aina ya njia. Baada ya majuma machache darasa litakuwa na takwimu zake lenyewe. Jaribio la kupunguza mwendo lifanywe na dereva mwenye leseni, katika njia tambarare tu, wala injini isizimwe, kwa kuwa breki na usukani wa magari mengi huhitaji nguvu yake. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Uvujaji utafutwe kwa macho na pua, mbali na moto wowote.

Maswali ya mjadala

1. Kama shule ingenunua matairi yenye kipenyo cha sentimeta 60 badala ya 72, odomita ingeonyesha kilomita ngapi kwa safari ya mjini, na mhasibu angedhani nini kuhusu matumizi ya mafuta?

2. Tuseme grafu ya safari za kilomita 60, 120 na 240 ingeonyesha lita 9, 15 na 27. Mstari wake ungekata mhimili wa wima wapi, na ungeanza kuchunguza fungu lipi kati ya mafungu manne?

3. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu kilogramu 2.3 za kaboni dioksidi. Kokotoa gesi iliyozuiwa kwa mwaka wa majuma 40 baada ya matumizi kushuka kutoka lita 30 hadi 24.5 kwa safari.